Sita ya Kopa na Tisa ya Shupaza: namna ya kuzisoma zikitoka pamoja

Mwongozo huu ni wa karata mbili tu kati ya 78 za taroti, pakiti ya karata za picha ambayo wengi huitumia kutabiri: Sita ya Vikombe na Tisa ya Panga. Ya kwanza ina watoto na maua. Ya pili ina mtu aliyeketi kitandani usiku, uso kaufunika kwa viganja. Nimezichagua kwa sababu mara nyingi naona zikisomwa vibaya. Ya kwanza husifiwa kupita kiasi, ya pili hutisha kupita kiasi, na aliyeuliza huondoka na maneno mawili yasiyokutana.

Tuanze na majina. Mzee yeyote achezaye karata barazani hapa Lamu atakutajia kopa, shupaza, uru na pau. Maneno haya tuliyapata kwa Wareno, na kwa Kireno copas ni vikombe, espadas ni panga. Karata za siku hizi zina moyo mwekundu mahali pa kikombe na jani jeusi mahali pa upanga, lakini Kiswahili kimeyashikilia majina ya zamani. Wareno nao hawakuzibuni karata. Ziliingia Ulaya karne ya 14 kutoka Misri ya Wamamluki, watawala wake wa zama zile, na pakiti ya Kimamluki iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul ina vikombe, panga, sarafu na fimbo za polo. Taroti yenyewe ilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, nayo ilikuwa mchezo tu. Kuitumia kutabiri kulienea baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Basi nitaziita Sita ya Kopa na Tisa ya Shupaza, kama tungeziita sisi.

La pili ni zito zaidi kwangu. Mimi ni Mwislamu, na ghaibu aijuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Sipigi ramli na mwongozo huu haufundishi ramli. Natumia picha kama tunavyotumia fumbo au methali, kumpa mwenzangu mahali pa kuanzia kusema lililomkwama kooni. Wapo wanaoona kwamba hata hivyo haifai, na nawaheshimu. Mtu wa namna hiyo usimshawishi.

Picha ninazozieleza ni za pakiti iliyotolewa London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeiagiza, na aliyeichora ni Pamela Colman Smith, mwanamke aliyeishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Kabla yake pakiti nyingi ziliweka vikombe sita vitupu, au panga tisa tupu, bila mtu wala nyumba. Yeye aliweka watu. Ukiwa na pakiti isiyo na watu kwenye karata ndogo, yaani zile za namba kama hizi zetu, sehemu kubwa ya haya hayatakufaa.

Hatua ya kwanza: lipate swali kabla ya kugusa karata

Mtu huja na jakamoyo, haji na swali. Usichanganye karata mpaka aliseme jambo lake kwa sentensi moja na kwa sauti.

Mwaka jana alinijia binti wa jirani, anafanya kazi Mombasa, amekuja nyumbani kwa likizo. Alianza na mambo kumi kwa pamoja: kazi, kodi ya nyumba, ndugu, usingizi. Nikamwomba anipe moja. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Dada, nyumba ya bibi kule Mkomani ajomba wanataka kuiuza. Na mimi usiku silali." Mkomani ni mtaa wa hapa Lamu.

Sasa ligeuze liwe swali ambalo jibu lake liko mikononi mwake. "Je, itauzwa?" hilo la kuwauliza wajomba na wakili. Tuliloondoka nalo sisi ni hili: "Ikiuzwa napoteza nini hasa, na nifanye nini na hicho ninachokipoteza?" Liandike juu ya karatasi. Utalihitaji mbele, maana katikati ya mazungumzo watu hulisahau swali lao wenyewe.

Hatua ya pili: kubalianeni nafasi

Ya kushoto ni kinachomsukuma. Ya kulia ni mahali kinapomfikisha. Lisemeni kabla ya kufunua, la sivyo mtaipanga ile tamu mnapopapenda. Achanganye mwenyewe, achague mwenyewe, afunue mwenyewe. Karata ikitoka kichwa chini, mimi huigeuza ikae sawa, kwa kuwa jozi hii ina mengi ya kutosha bila kuongeza mlango mwingine.

Hatua ya tatu: kaeni na Sita ya Kopa

Usimwambie maana yake. Mwulize anaona nini, halafu umpe dakika tatu nzima. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza atakwambia watoto na maua. Ngoja. Baadaye ataona kwamba wako uani kwa nyumba ya zamani, na mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa ua wa nyumba ya zamani ni nini. Kiwanda, yaani ua wa ndani, kile kilicho wazi juu, kuta za mawe ya matumbawe zinazobaki baridi hata jua la kaskazi likichoma, sauti ya punda nje isiyoingia ndani. Smith alichora ua wa Kiingereza, lakini anayetazama huweka wa kwao.

Kisha mwonyeshe vikombe. Kila kimoja kimepandwa ua jeupe lenye ncha tano. Nimeitazama karata hii miaka mingi kabla ya kuona jambo lililo wazi kabisa: vikombe hivi havinyweki. Kikombe kilichojaa udongo na ua kinapendeza kwa macho na kwa pua, lakini mwenye kiu hakimfai. Zamani nayo ndivyo inavyokuwa ikishakaa moyoni miaka mingi. Inanukia kama kikuba cha asumini. Haikati kiu.

Mtazame na mvulana anayetoa kikombe. Ana uso wa mtu mzima kidogo, na binti aliye mbele yake ni mdogo mno ukilinganisha naye. Vipimo havikukaa sawa. Kumbukumbu haishiki vipimo, ndiyo maana mtu akirudi baada ya miaka ishirini hulikuta daka la nyumba yao, ile baraza ya mlangoni, limekuwa jembamba, na ngazi zilizomtisha ni saba tu.

La mwisho, upande wa kushoto, nyuma kabisa, yupo mtu aliyeshika mkuki akienda zake. Katupa mgongo. Wengi humpita bila kumwona. Huyo ni mlinzi, na mimi humhesabu kuwa nusu ya karata. Ua ule ulikuwa salama kwa sababu kuna mtu aliyekesha kwa ajili yake, na watoto hawakujua. Sasa anaondoka na bado hawajui. Mwulize mwenzako taratibu: huyu kwako ni nani?

Binti wa jirani alimtazama muda mrefu. "Siyui, dada," akasema. Halafu: "Ni bibi."

Waite aliieleza karata hii kuwa ni ya mambo yaliyopita na kumbukumbu za utotoni. Ni sawa, lakini ukiishia hapo umemwambia mtu jambo alilokuja nalo.

Hatua ya nne: kaeni na Tisa ya Shupaza

Mwachie aitazame, ila si kwa muda mrefu kama ile. Ukiona pumzi zinambana, anza kuzungumza.

Anza na kuhesabu. Panga tisa zimelala juu ya ukuta mweusi, moja juu ya mwenzake kama vidato vya ngazi. Mwulize: ni ngapi zimemgusa? Atazihesabu upya. Hakuna hata mmoja uliomchoma, zote ziko nyuma yake. Usiseme kwa hiyo ni uongo, au kwa hiyo ni mawazo tu. Panga zipo. Anazihisi kichwani na kifuani na usingizi umemkimbia kweli. Ila hazijamfika mwilini, na yeye hawezi kuliona hilo kwa sababu kajifunika macho. Wahaka una tabia hiyo, humfanya mtu asitazame.

Halafu shuka alilojifunika miguuni. Ni la viraka, vingine vina mawaridi, vingine vina alama za buruji. Likumbuke shuka hili, tutalirudia.

Halafu ubao wa kitanda. Sisi tuliokulia kwenye vitanda vya kuchongwa tunajua kutazama nakshi. Hapa nakshi ni watu wawili wanaopigana, mmoja kamshinda mwenzake. Maana yake mtu huyu analala juu ya ugomvi wa zamani, umechongwa chini yake, na akiwa amelala hauoni. Uliza: ni ugomvi gani ulioko chini ya kitanda? Mara nyingi si ule aliokuja kuusema.

Waite aliorodhesha kifo kati ya maana za karata hii, pamoja na kushindwa, kucheleweshwa na kukata tamaa. Lile la kwanza usilitumie kamwe. Ni kumwongezea upanga wa kumi mtu ambaye tayari ana tisa. Karata inaonyesha usiku, na kwenye picha yenyewe hakuna aliyekufa.

Na hapa niseme wazi. Ikiwa mtu ana wiki kadhaa halali usingizi, hali chakula, au anasema angeona heri asingekuwepo, karata zifungwe hapo hapo. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo, kwa sisi wa kisiwani ni King Fahd, na umwite mtu wa kwao anayemwamini. Picha haitibu, na anayejifanya inatibu anamdhulumu mgonjwa.

Hatua ya tano: ziunganishe

Mwaka 1688 huko Basel mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu juu ya maradhi aliyoyapa jina jipya, nostalgia, kwa kuunga maneno mawili ya Kigiriki: kurudi nyumbani, na maumivu. Aliwaeleza Waswisi waliokuwa mbali na kwao, wenye huzuni isiyokatika, moyo kwenda mbio, usingizi wa mashaka. Yaani neno hilo lilipozaliwa halikuwa utamu wa kukumbuka. Lilikuwa karata zetu mbili kwa pamoja, ua na kitanda, ndani ya mwili mmoja. Tiba aliyoiona ni kumrudisha mgonjwa kwao.

Shida ya jozi hii ni kwamba aghalabu hakuna pa kurudi. Boti ya Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege, itakufikisha gatini, utapanda mpaka Mkomani, mlango utaukuta. Mlinzi hutamkuta.

Basi zitazame pamoja, utafute kinachopatikana katika zote mbili. Mimi naona maua. Kwenye kopa ni meupe, ndani ya vikombe. Kwenye shupaza ni mawaridi, kwenye shuka. Yule mtu anayelia usiku amefunikwa maua na hajui. Kitu fulani cha uani kimeshahama, kimefika kitandani, kinampa joto miguuni wakati macho yake yamefungwa. Kwa jozi hii usimfariji mtu kwa kumrudisha kwenye zamani, wala usimwambie aisahau. Msaidie aone ni kitu gani cha kule kilichokwisha kuja naye, au kinachoweza kuja.

Mpangilio unabadilisha namna ya kusema. Kopa kushoto na shupaza kulia, kumbukumbu ndiyo inayomsukuma kwenye wahaka. Mwulize ni saa ngapi humjia na baada ya nini: harufu, simu, picha aliyotumiwa na ndugu? Huyu kwa kawaida anajua anacholilia, ila hajakitaja.

Shupaza kushoto na kopa kulia watu hufurahi, wakidhani mambo yameisha kwa maua. Mimi huwa makini zaidi hapo. Hofu ya leo imemkimbiza mtu, naye amejificha uani kwa watoto. Atakusimulia jinsi Lamu ilivyokuwa, jinsi watu walivyopendana, na kila ukimrejesha kwenye swali lake atapotelea huko tena. Msikilize, ila mkumbushe karatasi. "Swali ulilolileta lilikuwa hili." Itabidi umwambie zaidi ya mara moja, kwa upole.

Huyo binti zilimtokea kwa mpangilio wa kwanza.

Hatua ya sita: majirani wa karata

Hii ni fupi, na unaweza kuiruka. Toa kwenye pakiti karata zinazotangulia na zinazofuata, uziweke chini ya hizi. Kabla ya Sita ya Kopa ipo Tano: mtu wa joho jeusi anayetazama vikombe vitatu vilivyomwagika, na viwili vimesimama nyuma yake. Baada yake ipo Saba: vikombe vinaelea mawinguni, vimejaa njozi. Kumbukumbu imekaa katikati ya msiba na njozi, na inaweza kuteleza upande wowote. Kabla ya Tisa ya Shupaza ipo Nane, mwanamke aliyefungwa kitambaa cha macho. Baada yake ipo Kumi, mtu kalala kifudifudi na panga zote kumi mgongoni, picha ngumu kuitazama, lakini pale mbali juu ya maji mbingu imeanza kuwa ya manjano. Kwa mtu aliye dhaifu siitoi hiyo Kumi. Amua kwa kumtazama usoni.

Hatua ya saba: vikombe sita kwenye karatasi

Chini ya swali lake achore vikombe sita, hata viduara vinatosha, na katika kila kimoja aandike kitu kimoja anachokikosa. Kitu chenyewe hasa, si "utoto" wala "amani". Kisha kila kimoja mkipime kwa maswali mawili: kinabebeka? Na ni chako, au ni cha wengine pia?

Binti wa jirani aliandika zidaka za ukutani alimopanga bibi vyombo vyake. Moshi wa udi siku za Alhamisi jioni. Asumini ya kiwandani. Upepo wa kusi juu ya paa la makuti. Sauti ya bibi akimwita kwa jina la utotoni. Cha sita kilimshinda. Aliishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

Usimsaidie hapo. Usimpe neno. Kaa.

Zidaka zinakwenda na ukuta, si zake peke yake. Udi unabebeka mpaka Mombasa, na haukuwahi kumpitikia. Asumini inabebeka, tawi moja likatiwe kwenye kopo la maziwa lenye udongo, limwagiwe maji kila jioni. (Nilipomwambia hivyo alicheka, akanionyesha kikombe cha mvulana kwenye karata.) Upepo haubebeki. Sauti haibebeki.

Cha sita aliniambia bila kukiandika. Bibi alipougua, yeye hakuja. Kulikuwa na nauli ya kutafuta, kulikuwa na zamu kazini, kila wiki alisema wiki ijayo. Mlinzi aliondoka na yeye hakuwepo hata kumwona mgongo. Nyumba ikiuzwa, hatakuwa na mahali pa kwenda kuomba radhi. Huo ndio ugomvi uliochongwa chini ya kitanda, na wajomba hawakuwa na habari nao.

Si kila mtu atafika hapo, na si kazi yako kumfikisha. Wengine huandika vikombe vitano na kwenda zao wakiwa wamepata wanachokihitaji. Akikifikia cha sita, usimhukumu na usimsafishe haraka. Usimwambie "bibi amekusamehe", hujui. Mwulize tu: ni nani aliye hai anayejua siku zile zilikuwaje?

"Mjomba mkubwa," akasema. "Ndiye aliyekuwa naye."

Hatua ya mwisho: kufunga

Andikeni tendo moja la mchana. Liwe dogo, liwe la siku mbili tatu, lifanywe jua likiwa juu, kwa sababu Tisa ya Shupaza ni karata ya usiku na maamuzi yake yote ni ya kiza. Lake lilikuwa kwenda kwa mjomba baada ya alasiri na kumwomba amsimulie siku za mwisho za bibi. Habari ya kuuza isiguswe siku hiyo.

Atakuomba atoe karata ya tatu. Karibu wote huomba. Kataa. Jozi hii imekwisha kumpa kazi, na karata ya tatu itakuwa njia ya kuikwepa. Swali hilo hilo lisirudiwe mpaka mwezi mwingine uandame. Zirudishe mbili hizo ndani ya pakiti, changanya, funga kitambaa.

Weka daftari. Mimi huandika tarehe, swali, karata na upande zilipokaa, kisha naacha mstari mmoja mtupu wa yeye kuujaza akipenda kurudi. Wa kwake aliujaza siku ya tano, kwa mwandiko wake, akiwa amesimama mlangoni na kopo la maziwa mkononi: "Nimemwuliza mjomba. Tumelia wote."